Nilimwita Fundi Wangu Mwizi, Kumbe Pampu Aliyonifungia Ndiyo Iliyotuokoa

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya kliniki, saa ya mapumziko ya mchana, kwa sababu nyumbani sipati utulivu na kazini kila dakika kuna mtu anagonga mlango, na jambo hili nimelibeba wiki ya tatu sasa, naomba unishike mkono uniambie nifanye nini, maana nimeshukuru kimoyomoyo mpaka nimechoka kushukuru peke yangu, na yule ninayepaswa kumshukuru siwezi hata kumtazama usoni.

Mimi ni mkunga. Nina miaka arobaini na minne, mume na watoto watatu, na gari nililoachiwa na marehemu baba, ambalo kwa umri wake na kelele zake nyumbani tunaliita Ajuza. Naomba usinicheke. Ajuza ndiye anayenifikisha kwa wajawazito walio mbali na kliniki, na mambo yakiharibika ndiye anayewabeba kuwapeleka hospitali kubwa, kwa hiyo akigoma njiani si mimi peke yangu ninayepata shida.

Tangu enzi za baba, Ajuza anatengenezwa na fundi mmoja tu. Watu wanamwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho, ukimwambia una haraka anakujibu, "Taratibu, mama mkunga, injini haijui kama una haraka." Gereji yake ni banda la mabati lenye shimo la kuingilia chini ya gari, benchi refu lililolowa grisi na rafu moja ya mbao. Hauzi spea, mteja unaleta zako, yeye anafunga. Na ana tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, kila anachokitoa kwenye gari lako anakukunjia kwenye gazeti uende nacho nyumbani, hata kama kimekwisha kabisa, na kila anachokifunga anakiandika kwenye kipande cha plasta anachokibandika chini ya boneti.

Miezi miwili iliyopita aliniambia mkanda wa taimingi wa Ajuza umefika mwisho, una nyufa, na kwa kuwa pampu ya maji imejificha nyuma ya mkanda huohuo na inazungushwa nao, tubadilishe vyote kwa mkupuo, kwa sababu pampu ikianza kuvuja baadaye itabidi kufungua kila kitu upya. Akaniambia si lazima ninunue za wakala ambazo bei yake inatisha, zipo za viwanda vingine zinazoaminika, akaniandikia majina matatu kwenye karatasi. Halafu akasema, "Ila kisicho na jina mimi sifungi. Nyuma ya mkanda hapana masihara."

Sasa mshauri, hapa ndipo aibu yangu ilipoanzia, na naandika huku uso umenishuka. Mimi ni mtu wa kujisifu kwa kupata vitu kwa bei poa, hata mashoga zangu wakitaka kitu wananituma mimi, na yale majina matatu nikayaona bado ghali. Mkanda nilinunua mzuri, hilo naomba nihesabiwe. Lakini pampu niliifuata kwa mchuuzi anayepanga spea chini kwenye turubai, nikapata moja inang'aa kama sufuria jipya, haina jina, haina karatasi, bei ya kuchekesha. Nikajua Taratibu ataikataa. Basi nikamwomba shemeji yangu anayeosha magari kwa wakala aniletee boksi tupu la pampu orijino, nikaitumbukiza humo, nikalifunga vizuri. Na huyohuyo shemeji akanitia maneno kwamba mafundi wanabadilishia watu vifaa, weka alama yako, nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikaitia doa pembeni. Yaani nilitia alama kitu feki, ndani ya boksi la uongo, ili nisiibiwe.

Nikamwachia gari asubuhi na boksi langu juu ya kiti, nikaenda kazini, simu nikazima kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mama aliyekuwa akihangaika na uchungu tangu alfajiri. Nilipoiwasha jioni nikakuta Taratibu amenipigia mara sita. Sikumrudishia, nikaenda moja kwa moja, nikakuta Ajuza anaunguruma vizuri mpaka nikajiona mjanja, gereji imejaa wateja, na mimi nikaanza kujitapa mbele yao kwamba jamani gari langu mimi nalilisha vya wakala. Taratibu alifunga boneti. Akanipa gazeti langu lenye mkanda wa zamani na pampu ya zamani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mkunga, ukipata nafasi pita tuzungumze, mimi na wewe tu."

Sikupita. Nilidhani anataka kuniongezea gharama za kazi.

Wiki mbili baadaye nikapita kuongeza upepo kwenye tairi, Jumamosi asubuhi, watu kibao, nikainua macho kwenye ile rafu nikaona pampu mpya ina doa jekundu. Nilipandwa na hasira sijawahi. Nilimwita mwizi, mshauri, mtu aliyemzika baba yangu pamoja na sisi, nikamwambia umenifungia mtumba na mpya yangu umeificha uiuze, nikasema mbele ya wateja, mbele ya mama anayeuza chai mlangoni, mbele ya kila mpita njia aliyesimama kusikiliza. Akapangusa mikono kwa tambara, akaishusha pampu, akanikabidhi. "Ichukue, ni yako. Tutaongea ukipoa." Basi. Angeweza kuniumbua palepale, akawaambia watu nilichokitia kwenye boksi, na hakufanya hivyo, na mimi nikauona ukimya wake ndio ushahidi. Nikaingia kwenye gari nikarekodi sauti ya dakika nne, nikaituma kwenye kundi la simu la kina mama niliowahi kuwazalisha, ambao ni zaidi ya mia mbili, nikawaambia wasipeleke gari pale, wala la mume, wala la shemeji. Walinisikiliza, kwa sababu wameshaniamini kwa mambo makubwa kuliko gari.

Siku tisa baada ya hapo, mchana wa jua kali, mama mmoja akaanza kutoka damu nyingi kabla ya wakati. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali. Tukamlaza kiti cha nyuma, mama mkwe wake akamshika kichwa mapajani, nikaendesha Ajuza kilomita thelathini na nane, nusu yake ni mlima, bila kupumzika hata mara moja, huku jicho moja liko barabarani na jingine kwenye mshale wa joto, kwa sababu nilikuwa na hakika nimefungiwa mtumba. Mshale haukusogea. Tulifika, akapasuliwa, yuko hai na binti yake yuko hai, na mtoto wamempa jina langu, jambo ambalo kila nikilikumbuka nataka kulia.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa fundi mwingine, dada mmoja mwenye gereji karibu na soko, nikitaka autoe huo mtumba na kunifungia pampu yangu yenye doa. Aliipokea, akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza. Akashika mhimili wake akautikisa, ukacheza.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Kwa wakala," nikasema, bado nadanganya.

Akacheka mpaka akaketi. "Hii haiwezi kumaliza miezi miwili. Beringi yake ikikwama inakula mkanda. Na injini yako hii, mkanda ukikatika tu, valvu zinagongana na pistoni, unavuta gari kwa kamba." Akafungua kifuniko cha mkanda, akamulika ndani kwa tochi. "Iliyomo humu ni mpya, nzuri tu, na jina lake ninaliona. Aliyekufungia hii hakukuibia. Amekupa."

Chini ya boneti, mahali ambapo sikuwahi kujisumbua kuangalia, plasta ilikuwepo kwa mwandiko wa Taratibu: tarehe, kilomita, halafu "mkanda wa mteja, pampu yangu".

Nililia nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu. Namshukuru yule mtu kwa ajili ya mama yule na mama mkwe wake, na mtoto, na mimi mwenyewe niliyekuwa nimeshika usukani, namshukuru hata kwa kunisitiri siku ambayo mimi nilikuwa namvua nguo hadharani. Nimepita mbele ya gereji yake mara nne sijasimama. Magari yamepungua sana, moja kati ya yaliyobaki ni lake mwenyewe, la aina moja na Ajuza, limefunikwa turubai pale pembeni. Juzi nilimwona anakuja kazini kwa miguu na kibeseni chake cha chakula, nikageuza uso kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mume wangu anasema nimpelekee zawadi ya maana, blanketi zito au redio, nimwambie yaishe, lakini nisijitangaze, kwa sababu mkunga akikiri kwamba ni mwongo nani atamwamini tena akisema mtoto amekaa vizuri tumboni. Na mimi naliogopa hilo, sikufichi. Je, nimshukuru kimyakimya au nifanyeje? Na naomba pia uniambie mtu mwenye gari la kizee anachaguaje vifaa hivi bila kufilisika na bila kujidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Ni mimi, mwenye Ajuza.

*

Mwenye Ajuza,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakuonea huruma, na vyote viwili utavipata hapa, usichague.

Kabla ya kupewa ukurasa huu nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la spea kwa miaka kumi na moja. Kwa hiyo mambo ya boksi tupu usidhani umeyaanzisha wewe. Walikuwa wakija watu wazima na heshima zao, wengine wamevaa tai, kuniomba boksi tupu kwa sauti ya chini kama wanaomba dawa ya siri. Nilikuwa nawaambia wote, boksi halisukumi maji. Wewe unayefungua mtungi wa oksijeni na kuukagua kabla mgonjwa hajalazwa, ulipofika kwenye gari linalombeba mgonjwa huyohuyo akili ukaiacha wapi?

Nianze na swali lako jepesi. Gari la kizee halidai kitu ghali, linadai kitu chake. Nenda dukani na namba ya injini, usiende na jina la gari tu, maana gari la jina moja linaweza kuwa limetoka kiwandani na injini tatu tofauti. Chukua na ile pampu ya zamani uliyokunjiwa kwenye gazeti, ndiyo maana fundi wako anakurudishia, uilaze kwenye kaunta kando ya mpya mlinganishe matundu ya bolti, urefu wa mhimili na meno ya puli kama inayo. Izungushe kwa mkono, iende laini na kimya. Itikise, isicheze. Ukiona muuzaji anakereka kwa sababu unaishikashika, mwachie.

Vipo viwanda vinavyoheshimika kwa beringi na mikanda ambavyo havimo kwenye boksi la wakala, na bei yao binadamu wa kawaida anaimudu. Uliza kama wanauza seti nzima, mkanda, pampu, roli la kukazia mkanda na gasketi, mara nyingi inatoka nafuu kuliko kuokoteza kimoja kimoja, na hakuna kitakachobaki kizee humo ndani kikamwangusha mwenzake. Kama huna uwezo mwezi huu, ngoja mwezi ujao, punguza safari, umwambie fundi wako ukweli kwamba huna. Umwambie, nimesema. Pampu ya mtumba usiguse hata ikipakwa rangi, na mkishafunga mtie kulanti inayotakiwa ya kupoozea injini, siyo maji ya bomba, yanakula pampu mpya kwa ndani. Na fundi anayekuandikia majina matatu kwenye karatasi badala ya kukupeleka kwenye duka la rafiki yake, mshike kwa mikono miwili, hawako wengi.

Sasa zito.

Mumeo anakupenda, hilo linaonekana, na ushauri wake ni wa mtu anayekupenda, lakini haufai kitu. Blanketi litamfunika yeye, jina lake litabaki nje kwenye baridi. Wewe ulimvunjia heshima kwa maneno, mbele za watu, na kwa maneno mbele za watu ndivyo utakavyoirudisha. Unaogopa kina mama hawatakuamini. Mwanangu, wewe umekaa kwenye vyumba vya kuzalia miaka mingi kuliko mimi, unajua vizuri mkunga yupi ni hatari. Siyo yule anayesema, "Hapa nimekosea, mwiteni daktari." Ni yule anayenyamaza akisubiri mambo yajinyooshe. Kina mama zako wakikusikia unakiri la pampu, watajua kwamba hata la mtoto usingewaficha.

Kwa hiyo ulimtukana Jumamosi, nenda Jumamosi, saa ileile, watu wakiwa wamejaa, au hao wachache uliowabakiza. Chukua ile pampu yenye doa uiweke juu ya benchi, kila mtu aione. Useme uliinunua chini, ukaitia kwenye boksi la kuazima, ukamdanganya, akagundua injini ikiwa tayari imefunguliwa na simu yako imezimwa, akakufungia yake, nawe ukamwita mwizi. Neno "lakini" uliache nyumbani, na shemeji yako usimtaje, mkono ulioshika rangi ya kucha ulikuwa wako. Mama wa chai awepo. Kisha umshukuru, na usimshukuru kwa haraka, umsimulie yule mama, ule mlima, mshale wa joto uliokaa palepale, mtoto na jina lake. Nina hakika hajui. Yeye anajua alifunga pampu tu, na hajui pampu ile ilifanya kazi gani kilomita thelathini na nane.

Ukitoka hapo rekodi sauti nyingine kwa kina mama zako. Ya kumchafua ilikuwa dakika nne, ya kumsafisha isipungue dakika nne.

Yeye naye simwachi. Fundi Taratibu, kama ukurasa huu utakufikia, hata ukiwa gazeti la kukunjia mkanda wa mtu, sikia. Ulikuwa mwungwana na mimi nakuvulia kofia, lakini ulinyamaza kupita kiasi. Plasta chini ya boneti haisomwi na wenye magari. Ungemtumia ujumbe mfupi, pampu yako feki nimeiweka rafuni, njoo, na haya yote yasingetokea. Safari nyingine taratibu yako ipunguze kidogo.

Mkunga, bado sijamalizana na wewe. Umeniandikia kwamba huyu mtu hauzi spea. Umeniandikia kwamba kwenye plasta alisema "pampu yangu". Umeniandikia kwamba ana gari la aina moja na lako, limefunikwa turubai, na kwamba siku hizi anakwenda kazini kwa miguu na kibeseni cha chakula mkononi. Yote hayo umeyaandika wewe, kwa mwandiko wako, kwenye barua moja, na hukuyaunganisha, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kugeuza uso. Mimi niliyekaa miaka kumi na moja nyuma ya kaunta naona mtu aliyekwishajinunulia pampu ya gari lake, akaja mkunga na boksi la uongo na wajawazito wanaomsubiri, akaamua lake lisubiri. Kama nimekosea, utaniandikia uniambie. Sidhani kama nimekosea.

Blanketi liache dukani. Ile karatasi yenye majina matatu bado unayo, itafute. Nunua pampu ya jina mojawapo, na vipimo usihangaike, ya kwake iliingia kwa Ajuza, ya Ajuza itaingia kwake. Nenda nayo Jumamosi hiyohiyo, ukishamaliza kusema mkabidhi, ikiwa ndani ya boksi lake lenyewe. Rangi ya kucha iache nyumbani.